Bolti ya Kuazimwa

Watu husema wivu ni ugonjwa wa wapenzi. Mimi wivu wangu mkubwa kuliko wote ulinipata ndani ya stoo, mbele ya bunduki nne na kitabu chenye jalada la kijani, na aliyeniletea alikuwa msichana aliyezoea kuniita mama.

Stoo hiyo iko nyuma ya ofisi ya shirika moja la wanyamapori hapa Isiolo. Nilikaa na funguo zake miaka kumi na minne, nikizivaa kiunoni kwa kamba ya ngozi, hata maskauti, wale walinzi wetu wa porini, wakasahau jina langu wakaniita Mama Funguo. Ndani mlikuwa na sindano, dawa za usingizi chini ya kufuli mbili, na bunduki nne za kudungia wanyama. Hizo hazitoi risasi. Hurusha sindano ya dawa, ndovu mwenye kidonda akalala, daktari akamtibu, akaamka akaenda zake. Lakini zina mtutu, zina fataki ya kusukuma sindano, na zina bolti, yaani kile chuma unachokivuta nyuma kufungua na kukisukuma mbele kufunga. Kwa hivyo kisheria ni bunduki kama bunduki nyingine, na kila chuma kikubwa kimepigwa nambari yake.

Nambari hizo maskauti hawakuzijali. Wote ni wafugaji, na mfugaji hamwiti ng'ombe wake kwa nambari. Walizifunga bunduki utepe wa rangi kwenye vitako wakaziita Nyekundu, Nyeupe, Kijivu na Mabaka. Siku bolti ya Nyeupe ilipovunjika huko Biliqo, skauti mmoja wa makamo aliichomoa ya Kijivu akaitia kwa Nyeupe, kazi ikaendelea. Niliporudishiwa bunduki nikauliza, akanijibu bila wasiwasi, "Mama Funguo, hiyo ni dabare tu."

Dabare ni desturi ya Waborana. Mtu akiishiwa, ndugu yake humpa ng'ombe wa maziwa akae naye. Ng'ombe huyo anaweza kulala boma la wengine miaka mingi, akazaa huko huko, na bado kila mtu anajua ni wa nani. Hakuna karatasi. Sisi Waturkana pia tunaazimana mifugo, kwa hivyo nilimwelewa mara moja. Ile bolti iliyovunjika ilipelekwa kwa fundi mwenye leseni, ikarudi nzima, ikatiwa kwa Kijivu, na tangu hapo kila moja ikawa inaishi kwa mwenzake. Kitabu cha kijani, kinachoandikwa nambari zote, hakikujua. Mimi nilijua, nikaona inatosha.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni karatasi za mpakani. Kutoa bunduki nchi moja ukaiingiza nyingine kihalali si kazi ya mtu mwenye haraka. Kwanza anayepokea apate kibali cha kwao cha kuingiza, ndipo huku kwetu watoe kibali cha kutoa. Kuna barua ya kuapa kwamba bunduki zitatumiwa na waliotajwa peke yao. Kuna orodha ya kila chuma na nambari yake, hata bolti ya akiba, hata mtutu mtupu usio na bunduki, maana sehemu nayo huhesabiwa. Fataki zina sanduku lao. Bolti huchomolewa zikafungwa kando. Na kuna jina la mbebaji, mtu mmoja mwenye cheti cha kushika silaha, na chuma kisichokuwa karatasini kikionekana sandukuni, shingo ni yake. Cheti hicho ukinyang'anywa mpakani, usitarajie kukipata tena, na kwetu sisi bila cheti huna kazi.

Nilikuwa nimezisafirisha bunduki kwenda kutengenezwa nje mara kadhaa, na hakuna aliyewahi kunirudishia swali. Lakini mbebaji siku zote alikuwa daktari. Mfinyanzi hulia gaeni. Karatasi zangu zilikuwa zimegongwa mihuri ya nchi nilizozisikia redioni tu, na mimi mwenyewe kaskazini kabisa nilikofika ni Laisamis, tena kwa mazishi. Nilikuwa nimejitengenezea pasipoti kwa matumaini, nikaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Kila nikifungua kusoma naikuta pale, mpya na haina kitu.

Msichana alitoka Kinna akiwa na digrii na begi moja. Daktari alinikabidhi nimfundishe, na sina budi kusema kweli, nilimpenda. Alikuwa mwepesi. Nilimwonyesha namna tunavyokagua: mmoja hushika chuma na kusoma nambari kwa sauti, mwingine huangalia karatasi na kutia alama. Anayesoma haangalii karatasi, na anayeandika haangalii chuma, ili mmoja asimshawishi mwenzake. "Chuma kwanza, karatasi baadaye," nilimwambia, na alilisema neno hilo hadi likawa kama lake. Alileta chai ya tangawizi kwenye chupa, akanimiminia mimi kwanza. Alijifunza kunisalimia kwa Kiturkana, na alikitamka vibaya kwa namna ya kupendeza, jambo lililoanza kunikera baadaye.

Maana maskauti walianza kumuuliza yeye. Walikuja mlangoni, wakanisalimia mimi, kisha macho yakaenda ndani. "Dada yuko?" Yule yule aliyenieleza dabare sasa alikaa naye wakicheka kwa Kiborana, na nikipita wananyamaza kidogo, kwa heshima tu. Heshima ile ilinichoma. Nilikuwa nimegeuka kabati, kitu cha kusalimiwa ukiingia.

Ndipo wenzetu wa ng'ambo, kikosi cha wanyamapori kilicho mbele ya Moyale upande wa Ethiopia, walipoomba tuwaazime bunduki mbili na sehemu za akiba. Zilichaguliwa Nyekundu na Nyeupe. Vibali vilianza kwenda na kurudi. Daktari akasema safari hii hataenda yeye, ana kazi ya faru. Nilirudi nyumbani nikaitoa pasipoti katika Zaburi, nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Katika mkutano wa Jumatatu, daktari alimwelekezea kalamu msichana. "Ataenda huyu. Anajua Kiborana, wale watasikizana naye. Na wewe Mama Funguo ukienda, stoo itabaki na nani?"

Wote walicheka, kicheko cha kunipenda. Mimi nilicheka kuwashinda. Kisha nikaenda chooni nikafunga mlango nikauma kiganja changu.

Sitaki kusingizia shetani. Wiki mbili zile za kungoja safari nilikuwa na akili zangu timamu, na zote zilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu pasipoti yake iliyokuja upesi kuliko yangu. Nilimwonea wivu buibui jipya aliloshona kwa ajili ya safari. Nilimwonea wivu kwamba kule anakokwenda ana shangazi wa kumpikia, mpaka kwake ni kama uchochoro kati ya nyumba mbili za ndugu, na mimi kwangu ulikuwa ukuta. Hata umbo la mwandiko wake kwenye orodha nililionea wivu. Aliandika orodha yote kutoka kwenye kitabu cha kijani, safi, bila kufuta popote, akaniletea.

"Mama Funguo, niangalilie kama iko sawa."

Nikaangalia. Kwenye mstari wa Nyeupe, nambari ya bolti ilikuwa ile ya kitabuni, bolti ambayo wakati huo ilikuwa imelala ndani ya Kijivu, na Kijivu haikuwa inaenda popote.

"Tutajua tukisoma chuma," nikasema. Hilo lilikuwa jibu la haki kabisa, na nilidhani ningelitenda.

Siku ya kufunga masanduku alikuja afisa wa polisi kushuhudia. Alisimama mlangoni na lakiri zake mkononi, akisikiliza. Msichana aliketi na karatasi, mimi nikashika chuma. Nyekundu ikaenda vizuri: mwili, mtutu, bolti. Daktari akapita, akaingiza kichwa, akamtazama msichana akasema, "Huyu sasa ndiye mkono wangu wa kulia." Akaenda zake. Maneno hayo aliniambia mimi mwaka wa kwanza, kwa sauti ile ile, na nilikuwa nimeishi nayo miaka kumi na mitatu nikidhani yalitengenezwa kwa ajili yangu.

Nikaichukua bolti ya Nyeupe. Nambari ya chuma niliiona vizuri, ilikuwa ikinitazama. Nikasoma ile ya kitabu, niliyoijua kwa moyo.

Msichana aliinua kichwa. "Hapo kwa bolti, umesema ngapi?"

Mara ya kwanza ningeweza kusema ulimi umeteleza. Nikarudia ile ile, pole pole, tarakimu moja moja, kama mwalimu. Akatia alama. Akatia sahihi yake chini ya maneno yanayosema kwamba nambari zimesomwa kutoka kwa chuma mbele ya shahidi. Afisa akafunga masanduku, akapiga lakiri.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo, au ndivyo nilivyojiambia. Kule mpakani wangeona kasoro, wangerudisha sanduku, naye angerudi na buibui lake jipya limejaa vumbi. Aibu ya siku moja. Nilimfungia mkate wa njiani kwa mikono yangu mwenyewe. Alinikumbatia akaniuliza, "Nikuletee nini, mama?" Nikamwambia usijisumbue.

Kesho yake, saa nne asubuhi, daktari aliingia stoo bila kubisha.

"Wamemzuia," akasema. "Kuna bolti moja kwa sanduku haiko kwa karatasi. Na kuna moja kwa karatasi haiko kwa sanduku. Cheti chake wamechukua, anaandika taarifa. Anasema alisikia vibaya. Chukua kitabu, uchukue vibali vyote, dereva anakungoja."

"Anasema alisikia vibaya?"

"Ndiyo. Mtoto mzima na digrii! Ati alisikia vibaya."

Nikamtazama daktari, nikangoja nifurahi. Furaha haikuja.

Hivyo ndivyo nilivyoiona barabara ya kaskazini. Miaka yote nilikuwa nimeitaka, na nilipopewa niliketi na kitabu mapajani nisione kitu. Nakumbuka ngamia kando ya lami baada ya Laisamis, nakumbuka upepo wa Marsabit ukilitikisa gari, na dereva akininunulia chai niliyoiacha ipoe. Pasipoti ilikuwa kwenye mkoba. Niliichukua, ndiyo. Hata wakati ule, nikienda kumwokoa au kumzika, sijui, kitu ndani yangu kilisema, huenda wakahitaji mtu mwingine wa kuvusha sanduku. Nalisema hili kwa sababu likiachwa nitaonekana bora kuliko nilivyokuwa.

Tulilala Moyale, na asubuhi nikapelekwa kituo cha mpakani. Msichana alikuwa kwenye benchi, ushungi umekunjamana, macho yamevimba. Aliponiona alisimama haraka kama mtoto wa shule.

"Pole, mama. Nimekuchosha na safari. Makosa ni yangu."

Afisa wa forodha alikuwa mama wa makamo kutoka nyanda za juu, miwani imeshikwa na uzi. Alikuwa ameziweka bolti za Nyekundu na Nyeupe juu ya meza, kila moja juu ya karatasi yake. Nikaanza kumweleza kwa kirefu. Nikamwambia habari za Biliqo, za bolti iliyovunjika, za skauti na dabare, jinsi bolti inavyoweza kukaa kwa bunduki nyingine na kila mtu akajua ni ya nani. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa nikijificha ndani ya desturi za watu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mama, hii si ng'ombe," akasema. "Hii ikipotea, hairudi nyumbani jioni peke yake. Nimeelewa vile bolti zilichanganyika. Hiyo inaweza kuandikiwa barua, Isiolo walete marekebisho, mambo yaishe. Shida yangu ni hapa." Akaweka kidole chini ya sahihi ya msichana. "Imeandikwa nambari zilisomwa kwa chuma. Chuma hiki kinasema kingine. Ama huyu aliandika uongo, ama aliyesoma alisoma uongo. Nani alisoma?"

"Ni mimi," nikasema.

"Mama Funguo hawezi kusoma vibaya," msichana akadakia. "Muulize mtu yeyote Isiolo. Hata nilimuuliza mara ya pili, akarudia. Mimi ndiye nilisikia yangu. Macho yangu yalikuwa kwa karatasi, nikasikia ile imeandikwa."

Aliamini. Nilimtazama vizuri, nikitafuta kama ananifunika, kwa maana kama angekuwa ananifunika ningepata mahali pa kumchukia. Hakuwa ananifunika. Alikuwa amekaa usiku mzima akiyahukumu masikio yake, kwa sababu jambo jingine lililobaki, kwamba nilimdanganya, halikuwa na nafasi kichwani mwake.

Afisa akanigeukia. Kalamu ilikuwa tayari. Ningenyamaza tu, msichana angepoteza cheti, ningerudi na funguo zangu, na Jumatatu maskauti wangeniuliza mimi tena.

"Alisikia sawa," nikasema. "Nilisoma ya kitabu. Niliiona ya chuma nikasoma ya kitabu."

"Ulisahau?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Miwani yake ilishuka puani. Nikatafuta neno la ofisi, neno la fomu, sikulipata. "Nilitaka asifike," nikasema. "Nilitaka mimi ndiye nifike."

Msichana aliketi tena kwenye benchi. Kilichonishinda kutazama ni mikono yake, aliikunja juu ya magoti kama mtu aliye msibani.

Yaliyofuata yalikuwa karatasi, na karatasi nazijua. Niliandika taarifa yangu kurasa tatu. Daktari alizungumza kwa simu, akazungumza tena. Isiolo walitoa marekebisho ya orodha, yakathibitishwa na waliotoa kibali, na ilichukua siku mbili. Msichana akarudishiwa cheti. Siku ya tatu asubuhi masanduku yalipigwa lakiri mpya, naye akavuka nayo kwa gari, akiwa na msindikizaji wa upande ule. Mimi nilisimama kwenye kizuizi, hatua kama thelathini kutoka Ethiopia, mkoba begani na pasipoti ndani. Niliwaona watu wakivuka na mbuzi, na mitungi, na watoto mgongoni, bila mawazo yoyote. Gari lilipita geti. Nikasubiri ageuke aniangalie. Hakugeuka, na sikuwa na haki ya kusubiri.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kwa kweli hakuna aliyeniambia. Cheti changu nilikirudisha Isiolo. Daktari alinitetea nisishtakiwe, ila tangu siku ile ananiita kwa jina langu kamili. Nilipewa meza ya mbele, naandika magari yanayotoka na yanayoingia, na fomu za likizo. Funguo za stoo ziko kiunoni mwa msichana. Alizitoa kwenye kamba yangu ya ngozi akazitia kwenye mnyororo, na kamba akanirudishia ikiwa imekunjwa vizuri. Hiyo nayo nilimwonea wivu, ule ustaarabu wa kujua kwamba kamba ni yangu.

Aliporudi kutoka ng'ambo alikuwa ameniletea kahawa mbichi ya kule, imefungwa kwa kitambaa. Aliiweka mezani pangu akasema, "Salamu za shangazi," akaendelea na shughuli zake. Nilikuwa nimemwambia asijisumbue. Mwezi mzima sikuthubutu kuifungua.

Kisha wiki iliyopita, Nyekundu na Nyeupe zikiwa zimerudi kutoka ng'ambo, alianza kitabu kipya. Amezirudisha bolti zote kwa wenyewe, dabare imekwisha, na maskauti wanalalamika kwamba ametenganisha ndugu. Kabla ya kufunga kitabu cha zamani ilibidi kila chuma kisomwe upya, na skauti anayemsomea alikuwa safarini Kipsing. Nilimsikia akija kwenye ukumbi, funguo zikilia.

"Mama Funguo, njoo unisomee."

Nilifikiri anamwita mwingine. Nikamwambia siruhusiwi.

"Huruhusiwi kushika," akasema. "Kusoma unaweza. Nimeuliza daktari."

Nikaingia stoo ile nikiwa nimefunga mikono nyuma. Harufu ilikuwa ile ile, mafuta ya bunduki na vumbi la Isiolo. Alikaa chini na kitabu kipya mapajani, akainua Kijivu, akaielekeza nambari upande wangu. Nilisoma mwili. Nilisoma mtutu. Kwenye bolti nilisoma, nikasoma tena bila kuulizwa, nikaogopa nimekosea nikasoma mara ya tatu.

"Nimesikia, mama," akasema, akaandika.

Tukamaliza Kijivu, tukamaliza Mabaka, Nyekundu na Nyeupe, na sehemu zote za akiba hadi mtutu wa mwisho. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye karatasi, kama nilivyomfundisha. Chuma hakukigeuza hata mara moja kuhakikisha nilichosema, na kilikuwa mkononi mwake. Wivu ukanipanda pale pale, mpya kabisa, mkubwa kuliko wa mpakani. Ningekuwa mimi, ningekigeuza.